Kutoka KIA Hadi Ukumbi wa Simba: Usafiri wa Wageni wa Mikutano Arusha

Arusha ni mji wa mikutano ambao uwanja wake mkuu wa ndege uko mkoa mwingine. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, ambao wenyeji huuita KIA tu, ulifunguliwa mwaka 1971 kwenye tambarare za Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ili uhudumie Arusha na Moshi kwa pamoja. Kutoka hapo hadi katikati ya Arusha ni takriban kilomita 50. Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha, AICC, chenyewe kiko mjini kabisa, mahali ambapo mtu aliyesimama Mnara wa Saa anafika kwa miguu bila kutokwa na jasho. Ndiyo maana gharama na usumbufu wa mgeni wa mkutano hulundikana siku mbili, ya kufika na ya kuondoka. Siku za katikati, kama amechagua vizuri mahali pa kulala, huenda asihitaji gari hata mara moja.

Majengo ya AICC hayakujengwa kwa nia ya kukodisha kumbi. Yalikusudiwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Jumuiya hiyo ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ikabaki na majengo matatu makubwa yaliyoungana, Kilimanjaro, Ngorongoro na Serengeti, pamoja na ukumbi mkubwa wa Simba wenye viti zaidi ya 1,000, na mpangaji hayupo. Mwaka uliofuata yakafanywa kituo cha mikutano. Katika mji huu ndipo ulipotiwa saini mkataba wa amani wa Rwanda Agosti 1993, na wa Burundi Agosti 2000. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilifanya kazi ndani ya majengo hayo hayo hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake ulisainiwa Arusha Novemba 1999, ina makao yake jirani na AICC, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo iko mji huu. Kwa hiyo mwaka mzima kuna wageni wanaoshuka KIA wakiwa na mafaili badala ya darubini, nao hupanga foleni moja na watalii wanaokwenda mbugani au mlimani.

Jambo la kwanza kwa anayekata tiketi ya ndege ni kujua kwamba Arusha ina viwanja viwili. KIA hupokea ndege kubwa za kutoka Addis Ababa, Nairobi, Kigali, Doha, Amsterdam na kwingineko, pamoja na za Air Tanzania kutoka Dar es Salaam na Zanzibar. Uwanja wa Arusha, ambao watu huuita Kisongo, uko kilomita chache tu magharibi mwa mji, kwenye barabara ya Dodoma, nao ni wa ndege ndogo, nyingi zikiwa zinapeleka watalii Serengeti au Zanzibar. Kwenye tiketi, KIA huandikwa JRO na Kisongo huandikwa ARK. Mtu akichanganya herufi hizo tatu, dereva atamsubiri kwenye uwanja mmoja naye atue kwenye mwingine, na kati yao kuna mji mzima na foleni zake. Kisongo una faida ya ukaribu, maana teksi ya kutoka huko ni safari fupi ya mjini. Ila ndege nyingi zinazotua pale huruhusu mzigo wa kilo 15 tu, na boksi la vitabu au mabango ya maonyesho halipiti kirahisi.

Wageni wengi, hata hivyo, watatua KIA. Asiye raia wa nchi isiyohitaji viza hufanya vyema kuiomba kwa mtandao kabla ya kusafiri, kwa kuwa ndege mbili kubwa zikitua kwa kufuatana foleni ya dirishani hurefuka. Anayetoka nchi yenye homa ya manjano huulizwa kadi ya chanjo. Baada ya hapo kuna mlango wa kutokea, na nje yake madereva wamesimama na vibao vya majina.

Hapo ndipo mgeni aliyejipanga huachana na asiyejipanga. KIA imezungukwa na mbuga kavu, na barabara kuu ya Moshi–Arusha iko kilomita kadhaa kutoka lango lake, kwenye njia panda ambako mabasi hupita. Mtu mwenye begi dogo anaweza kufika njia panda na kudaka gari la abiria kwenda Arusha. Wafanyakazi na wakazi wa huko hufanya hivyo kila siku. Kwa mgeni mwenye masanduku, hasa usiku, si ushauri mzuri. Njia zake za kweli ni gari la waandaaji, gari la hoteli au teksi ya uwanjani. Gari la hoteli huagizwa siku kadhaa kabla, na mgeni hutaja namba ya ndege badala ya saa peke yake, ili ndege ikichelewa dereva aweze kuifuatilia. Teksi ya uwanjani hupatikana papo hapo, lakini bei yake hukubaliwa kabla mzigo haujaingia kwenye buti. Bei ni ya gari, si ya kichwa. Wajumbe watatu wanaokwenda mkutano mmoja wakiulizana pale pale ukumbini pa mizigo, kila mmoja atalipa theluthi. Ni ajabu jinsi watu waliokaa ndege moja kwa saa nane wanavyopanda teksi tatu kwenda hoteli moja.

Barabara yenyewe ni ya lami nzuri, na bila vikwazo safari huchukua kama saa moja. Hupita Kikatiti, Maji ya Chai na Usa River, mashamba ya migomba na kahawa yakiongezeka kadiri gari linavyoukaribia Mlima Meru, kisha Tengeru na soko lake. Kuanzia Tengeru barabara hupanuka kuwa ya njia nne hadi Sakina, upande wa pili wa mji. Kabla ya hapo ni njia mbili tu, na lori moja lililobeba saruji linaweza kuongoza msururu wa magari kwa kilomita nyingi. Kwenye vijiji mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa, na trafiki wenye tochi za kupima mwendo hawakosekani, kwa hiyo dereva anayekwenda taratibu Usa River hapotezi muda wa mteja bali anaukwepa mkono wa sheria. Asubuhi kati ya saa moja na saa tatu, na jioni kuanzia saa kumi na moja, ni busara kuongeza nusu saa. Siku ya soko Tengeru nayo ina hesabu yake.

Wapo wasiopanda ndege kabisa. Kutoka Nairobi kuna mabasi madogo ya abiria, maarufu kama shato, yanayopita Namanga. Njia nzima ni kama kilomita 270 na huchukua saa tano hadi sita, mpaka ukiwemo. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa Desemba 2018, msafiri hushuka mara moja tu, upande wa nchi anayoingia, na kumaliza na maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Mkenya aliyezoea kuingia Uganda au Rwanda kwa kitambulisho asidhani Namanga ni hivyo hivyo. Abebe pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Anayekuja na gari lake huhitaji pia kadi ya gari na bima inayotambulika nje ya nchi yake, ambayo kwa wengi ni ile Kadi ya Njano ya COMESA.

Kutoka Dar es Salaam, basi huchukua kutwa: kilomita zaidi ya 600 kupitia Korogwe, Same na Moshi. Mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku baada ya marufuku ya miaka mingi, na sasa mtu anaweza kulala njiani na kuamkia Arusha, ingawa aliyefika hivyo huonekana kwenye kikao cha asubuhi kwa namna anavyosinzia. Kutoka Dodoma barabara ya Kondoa na Babati imekuwa ya lami yote tangu 2018, na imefanya safari iliyokuwa ya kuzunguka Chalinze kuwa ya nusu siku. Treni ya kisasa ya SGR haifiki Arusha, lakini hufika Dodoma, na wapo wanaounganisha treni hiyo na basi. Treni ya zamani kutoka Dar es Salaam ilirejea Arusha Oktoba 2020 baada ya kusimama kwa miaka mingi. Ni safari ya kufurahia, si ya kuwahi mkutano.

Mahali pa kulala ndipo panapoamua usafiri wa siku zote zinazofuata. Hoteli na nyumba za wageni zilizo kati ya Mnara wa Saa, Barabara ya Boma na eneo la AICC humwezesha mjumbe kwenda na kurudi kwa miguu. Mji uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,400, hivyo hewa ni ya baridi kiasi, na Juni hadi Agosti asubuhi hudai sweta. Kutoka Mnara wa Saa mtu hupanda Barabara ya Boma, hupita Boma la kale lililojengwa na Wajerumani mwaka 1900 ambalo sasa ni makumbusho, na AICC inaonekana. Tahadhari ya mchana ni kuvuka barabara tu. Magari Tanzania hupita kushoto, na wajumbe wanaotoka Bujumbura, Kigali, Goma au Addis Ababa, ambako hupita kulia, hujikuta wakitazama upande usio na gari. Usiku mambo hubadilika: mitaa mingine haina taa za kutosha, na mwenye kompyuta begani na beji ya mkutano shingoni anajitangaza. Hata umbali wa dakika kumi, giza likishaingia, ni heri kuupandia gari.

Malazi ya Njiro, Sakina au Moshono huwa nafuu na tulivu zaidi, lakini yanamfanya mgeni aingie kwenye mkumbo wa wakazi wanaokwenda kazini. Mikutano mingine haifanyiki mjini bali Usa River, zaidi ya kilomita 20 kutoka Mnara wa Saa, kwenye hoteli zenye kumbi zao. Mjumbe wa mkutano wa huko aliyejikatia chumba katikati ya Arusha kwa kudhani “Arusha ni Arusha” atatumia karibu saa mbili barabarani kila siku.

Kwa safari za ndani ya mji daladala ndizo za bei ya chini. Arusha nyingi ni Hiace, ambazo wakazi wengi huziita vifodi. Njia yake imeandikwa usoni mwa gari, na nauli hupangwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, kwa hiyo hakuna kubishana bei. Mgeni hupanda, hukaa anapoonyeshwa, humpa konda hela ndogo ndogo, na humwambia mapema anaposhukia. Noti ya shilingi 10,000 kwa nauli ya mamia humkera konda na abiria wa nyuma yake. Udhaifu wa daladala ni kwamba huondoka ikijaa na husimama kila inapoitwa, na mtu wa suti na begi la karatasi haupendi sana mbanano wa saa mbili kasoro asubuhi. Kwa matembezi ya jioni, au kwenda soko la Kilombero, hakuna njia bora ya kuujua mji.

Bajaji hubeba watu watatu na zinafaa umbali mfupi. Pikipiki za abiria, bodaboda kwingine na toyo kwa watu wa Arusha, hupenya foleni kuliko chombo chochote. Ndizo pia zinazoleta majeruhi wengi hospitalini. Anayelazimika kuipanda avae kofia ngumu ya abiria, akatae kupakiwa mshikaki, yaani watu wawili nyuma ya dereva, na asiitumie mvua ikinyesha. Mvua si jambo dogo hapa: masika huwa Machi hadi Mei na vuli huja Novemba na Desemba, na mito Themi na Naura inayopita mjini hujaa haraka maji ya kutoka mlimani.

Teksi za kawaida huegesha mbele ya hoteli na karibu na AICC. Magari ya kuitwa kwa simu kupitia programu kama Bolt nayo yapo, na bei yake huonekana kabla ya safari, jambo linalomwondolea mgeni kazi ya kupatana. Hata hivyo madereva wengi hupiga simu kwanza kuuliza mteja yuko wapi na anakwenda wapi, kwa Kiswahili. Asiyekijua humpa simu mlinzi wa hoteli, na mambo hunyooka. Kabla ya kuingia garini huangaliwa namba ya gari kama inalingana na iliyo kwenye simu.

Malipo ni kwa shilingi. Kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2025 zinakataza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutajiwa bei au kulipiwa kwa fedha za kigeni, hivyo dereva anayesema “dola hamsini” anaombwa kwa upole aseme shilingi ngapi. Hela taslimu kidogo na pesa za kwenye simu hutosha kwa usafiri wote wa mjini. Laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole, na mgeni hutumia pasipoti yake, kazi inayomalizwa vizuri zaidi siku ya kwanza kuliko dakika ya kukosa gari. M-Pesa ya Kenya na ya Tanzania ni mifumo miwili tofauti ingawa jina ni moja.

Kuna pia suala la saa. Ratiba ya mkutano huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, kikao cha kwanza saa 8:00. Dereva anahesabu kwa Kiswahili. Mgeni anayemwambia dereva kwa Kiingereza kwamba anataka gari saa sita asubuhi anaweza kuletewa gari adhuhuri. Dawa ni kutaja tukio pamoja na saa: kabla ya chai ya asubuhi, baada ya chakula cha mchana, jua likizama.

Mkutano mkubwa hauwezi kuachia haya yote mikononi mwa wageni. Waandaaji wenye uzoefu huuliza kwenye fomu ya kujiandikisha namba ya ndege, hoteli na kama mjumbe anatumia kiti cha magurudumu, halafu hupanga magari kwa majibu hayo. Hesabu yake ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Coaster moja hubeba watu wasiofika 30. Wajumbe 300 waliolala hoteli sita, wote wakitakiwa ukumbini ndani ya nusu saa ile ile, wanahitaji mizunguko zaidi ya kumi, na gari likishaingia kwenye foleni ya asubuhi halirudi kwa mzunguko wa pili kwa wakati. Ndiyo sababu ni nafuu kuwakusanya wajumbe kwenye hoteli chache zilizo karibu kuliko kukodi magari zaidi. Kosa la kawaida ni kupanga mabasi mazuri ya asubuhi na kusahau jioni, wakati vikao vinapoisha kwa nyakati tofauti na kila mtu anataka kuondoka sasa hivi. Magari mawili yanayozunguka kuanzia saa kumi hadi saa mbili usiku husaidia kuliko kumi yanayosubiri kuondoka kwa pamoja. Anayetembelea kiti cha magurudumu hapaswi kugundua mlangoni kwamba Coaster ina ngazi. Gari lake hupangwa tangu fomu inapopokelewa.

Juni hadi Oktoba ni msimu wa watalii, na magari mazuri pamoja na madereva wake huwa yameshachukuliwa na kampuni za safari miezi kadhaa mapema. Mkutano uliopangwa Aprili au Mei utapata vyumba na magari kwa bei ya chini, na mvua pia.

Mikutano ya wakuu wa nchi ni habari nyingine kabisa. Marais wa Jumuiya wakija, barabara ya KIA hufungwa kwa vipindi kupisha misafara, na mitaa ya kuzunguka AICC huwa na vizuizi ambapo hupita tu magari yenye vibali na watu wenye beji. Daladala hugeuzwa njia. Hakuna ratiba inayotangazwa kwa dakika, kwa sababu za usalama, na dereva aliyesimamishwa kando ya barabara hana la kufanya ila kuzima injini. Mwenye ndege siku hiyo huondoka mjini asubuhi hata kama ndege ni ya jioni.

Siku ya kawaida, mwenye ndege ya kimataifa huondoka Arusha saa nne kabla: moja ya barabara na tatu za uwanjani. Wengi huongeza siku mbili au tatu za kutembea kabla ya hapo, na jiografia inawasaidia, kwa kuwa lango la Hifadhi ya Taifa ya Arusha liko upande ule ule wa Usa River, njiani kuelekea KIA, na mtu anaweza kuitembelea asubuhi akiwa na mizigo yake garini na kupanda ndege usiku. Tarangire, Manyara na Ngorongoro ziko upande wa pili, magharibi, na ni heri kuzitengea angalau usiku mmoja. Malipo ya kuingia hifadhini hufanywa kwa mfumo wa kielektroniki, si kwa noti langoni, na raia wa Afrika Mashariki hutozwa kiwango chao wakionyesha pasipoti. Anayerudi Nairobi kwa shato hukata tiketi siku moja kabla na kuuliza gari litaondokea wapi, maana si zote huanzia kituo kimoja.